Korali, Kwaya na Mahali pa Mama Aurélie

Makanyagio, hapa Mpanda mjini, tuna watu wa kila namna, lakini watu wa kugombania jina la kitu wanachokipenda wote, hao nimewaona kanisani kwetu tu. Nusu ya waimbaji walisema sisi ni kwaya. Nusu nyingine wakasema sisi ni korali. Na huyu ninayetaka kukusimulia, Apollinarie, alikuwa korali kuanzia unyayo hadi utosi, mpaka watoto wa mtaani wakamwita Mama Korali na yeye akaitika.

Ukimtafuta utamkuta barazani kwake, nyuma ya cherehani ya kukanyaga, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na pini mdomoni. Hata na pini hizo anaimba. Anaimba kwa pua. Ni mfupi, mnene kidogo, umri umevuka hamsini, na ana sauti ya pili ambayo imenifanya zaidi ya mara moja niweke chini bisibisi niisikilize. Mimi ni fundi redio, naitwa Osward. Najua sauti mbaya inavyofichwa kwa kuzungushazungusha vitufe, na nakuhakikishia ya Apollinarie haihitaji kuguswa.

Kanisani naimba sauti ya nne, na spika na maiki nafunga mimi. Hiyo ni kazi isiyo na asante. Ikienda vizuri wanamshukuru Mungu, ikikoroma wanamtafuta Osward.

Mimi nilikuwa upande wa kwaya. Sisi ndio tunaojiita wenyeji: Wabende, Wakonongo, na Wafipa kama mimi ambao babu zetu waliteremka kutoka Sumbawanga wakasahau kurudi. Kwaya yetu ilikuwa na ubao, chaki, na Mwalimu Alois. Mwalimu Alois alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, lakini kustaafu kwenyewe hakukumwingia. Alitupanga kwa mistari kama wanafunzi wa asubuhi. Wimbo ulikuwa haujaimbwa mpaka noti zake zimeandikwa ubaoni, na mtu akikosekana mazoezini mwalimu alipiga makofi akasema, "Songeni!" Tukasonga, mstari ukawa hauna uwazi. Alikuwa na msemo wake kwamba pengo ni la mdomoni, si la kwenye mstari.

Korali walikuwa ni familia zenye asili ya Burundi, zilizohamia mjini kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba kwa sababu ya biashara na shule za watoto. Ni Watanzania kama mimi, vyeti vyao vya uraia wameshavipata. Waliimba misa ya pili. Hawakuwa na ubao wala karatasi, nyimbo zote zilikaa kichwani, na walisimama kwa nusu duara huku miguu ikienda mbele na kurudi. Wakianza wao, hata mzee aliyesinzia benchi la nyuma utaona kiatu chake kinagonga sakafu.

Tungeishi hivyo hivyo, wao huko na sisi huku, kama kanisa jipya lisingeisha. Likaisha. Bati zikang'aa, Askofu akatoa tarehe ya kuja kulitabaruku, na halmashauri ya kigango ikaamua kwamba kanisa moja litakuwa na kundi moja la waimbaji. Sare moja, kiongozi mmoja. Kiongozi akawa Mwalimu Alois. Sare akapewa Apollinarie azishone. Jina likabaki halijaamuliwa, na hapo ndipo moto ulipowaka.

Jumamosi ya kwanza hatukuimba hata wimbo mmoja. Upande wetu ulisema neno ni kwaya, liko hivyo Tanzania nzima, mtu atake asitake. Upande wa Apollinarie ulisema wao wamezaliwa ndani ya korali, na mtu habadilishi jina la mama yake kwa sababu amehamia mtaa mwingine. Padre Deogratias alikuta tumefika mahali pa kunyoosheana vidole.

Padre wetu ni kijana, mpole, na ana ugonjwa mmoja: anapenda maneno. Alivuta benchi akakaa, akatuuliza, "Mnajua kwamba mnagombania mtu mmoja?"

Tukashusha vidole.

"Wayunani wa kale walikuwa na neno khoros," akasema. "Walatini wakalichukua, wakasema chorus. Kanisa likalikuta huko, likalibatiza. Wafaransa wakapata chœur, halafu wakapata chorale, na hilo la pili likapanda meli na watu waliokuwa wanasema Kifaransa, likafika Burundi na Kongo, watu wakalilainisha likawa korali. Waingereza nao walilichukua kwa Wafaransa zamani sana, wakalitamka kwa kinywa chao mpaka likawa kitu kinachosikika kama kwaya. Likaja Tanganyika. Ukienda Zambia utalikuta, Malawi utalikuta, Wazulu kule kusini wanasema ikwaya. Hao ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja amelelewa Ufaransa, mwingine Uingereza, sasa wamekutana Mpanda wanaulizana kabila."

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja wa sauti ya tatu akauliza kama Wajerumani hawakuwa na lao, maana ndio waliotutangulia kututawala. Padre akasema walikuwa nalo, wanaita Chor, ila hao walituachia neno shule wakaondoka na la kuimbia.

Ndipo Apollinarie akanyoosha mkono, kitu ambacho korali hawafanyi, kwa kumheshimu Mwalimu Alois. "Padre, hao wa kwanza kabisa, hao Wayunani. Kwao neno lilikuwa na maana gani?"

"Ngoma," akasema Padre. "Watu wanaoimba wakicheza pamoja. Na lilikuwa pia jina la uwanja wenyewe wanapochezea. Ni baadaye ndipo likabaki kwa wanaoimba tu, na hata kwa ile sehemu ya kanisa wanapokaa."

"Kwa hiyo walikuwa wanacheza."

"Walicheza."

Apollinarie akashusha mkono. Alimgeukia Mwalimu Alois akatabasamu, basi.

"Hao walikuwa wapagani," mwalimu akasema, na safari hii hata korali walicheka.

Jina hatukulipatia jibu siku ile, lakini hasira ilipungua. Kila mtu akaendelea kusema la kwao. Tukaanza kujifunza nyimbo, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Apollinarie hakusoma noti, ila mwalimu akishaimba mstari mara moja alikuwa ameushika, na jioni alikuwa anawapitisha akina mama wa kwetu waliokuwa wanahangaika nao, taratibu, bila kumfanya mtu ajione mjinga. Wa kwao walipolalamika kwamba nyimbo za ubaoni hazina damu, aliwaambia, "Tieni damu basi, nani amewakataza?" Hakuna aliyekuwa anahubiri umoja kuliko wale waliokuwa hawafanyi lolote. Yeye hakuhubiri. Alishika kazi.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Popote korali waliposimama, kulikuwa na nafasi upande wa kushoto wa Apollinarie. Nafasi ya mtu mmoja, si zaidi. Mwanzoni sikuitilia maanani, maana tulikuwa bado tunajipangapanga. Mwalimu Alois yeye aliiona siku ya kwanza, na kila Jumamosi ilimchoma kama mchanga kwenye kiatu.

Jumamosi ya tatu akaona imetosha. "Songeni hapo!" akapiga makofi. Korali hawakusogea. Akarudia. Wakatazama chini. Akamwita Queen, binti mmoja wa kwetu mwenye sauti ya kwanza, mfupi, aliyekuwa anafichwa na watu wa mbele. "Queen, njoo usimame hapa uonekane."

Queen akaenda akasimama.

"Mwalimu," Apollinarie akasema kwa upole kabisa, "hapa pana mtu."

Mwalimu akainama kidogo, akapatazama, akatazama na huku na huku. "Simwoni," akasema. Watu wakacheka. Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Ni mzaha wa darasani, amewafanyia watoto miaka arobaini.

Apollinarie hakucheka, wala hakukasirika kwa macho. Alisubiri kidogo, labda akitegemea Queen aondoke. Queen, masikini, alikuwa amesimama kama mti, hajui amtii nani. Basi Apollinarie akachukua kanga yake benchini, akajifunga, akasema, "Jioni njema, Mwalimu," akatoka. Na korali yote ikatoka nyuma yake, mmoja mmoja, bila kelele.

Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika sana. Nikasema huu ndio ubaya wa watu wanaosusa: kama una neno, sema, una mdomo. Wiki nzima Makanyagio nzima ilikuwa na habari moja. Wengine wakasema amejiona. Wengine wakasema vitambaa vyetu ndiyo basi, sare tutaziona ndotoni. Korali wakarudi kufanyia mazoezi yao uani kwa mmoja wao huko Kawajense, na halmashauri ikaanza kunong'ona kwamba labda tuazime kwaya ya parokia jirani ije kuimba siku ya Askofu. Kuimbiwa na majirani kwenye kanisa letu wenyewe! Aibu hiyo ungeiweka wapi?

Sasa sikiliza. Katikati ya maneno hayo, Apollinarie akamtuma mtu aniambie nikapime shati.

Nikaenda nikiwa nimejiandaa kugombana. Nikamkuta barazani, vitambaa vya bluu vimepangwa kwa marundo, sare za wanawake zimeshakatwa zote, za kwetu na za kwao. Alikuwa anashona bila kupumzika. Nikavaa shati langu, likakaa kana kwamba nilizaliwa nalo. Kando palikuwa na shati jingine limetundikwa, na nikaona kwapani limeongezwa kipande cha kitambaa.

"Hilo la nani?" nikauliza.

"La Mwalimu Alois. Mashati yake yote yanachanika hapo. Mtu anayeinua mikono vile huwezi kumshonea kama watu wengine."

Nikakigusa kile kipande kwa kidole. Huyo ni mtu aliyechekwa mbele ya kundi zima, na bado ameangalia kwapa za aliyemfanya achekwe akazihurumia.

Wakati bado nimelishika lile shati, sauti ikatoka ndani ya nyumba, sauti ya mzee, nyembamba lakini imenyooka. "Ikibanza canje kiriho?"

"Kiriho, mawe," Apollinarie akaitikia, mguu haujaacha kukanyaga.

Kirundi sikijui, ila ukiishi Mpanda sikio linaokota. Kibanza changu kipo? Kipo, mama.

"Anauliza kiwanja?" nikasema.

Akasimamisha cherehani. Nadhani alikuwa amechoka, au labda aliona nimelitazama lile shati kwa namna fulani. Akatoa pini mdomoni, akazichoma kwenye kitambaa, akanieleza.

Mama yake, Mama Aurélie, alivuka mpaka mwaka wa sabini na mbili, akikimbia mauaji ya Burundi, akiwa na yeye Apollinarie mgongoni, mtoto hata kutembea bado. Katika safari ile watu walipotezana. Mume njia hii, mke njia ile, kaka hajulikani aliko. Walipofikishwa Katumba ilikuwa pori tupu, na kabla nyumba hazijaisha walifyeka duara wakawa wanaimba humo Jumapili. Ilikuwa ndiyo korali yao ya kule walikotoka, isipokuwa nusu ya watu hawapo. Basi wakasimama kila mtu pale alipokuwa anasimama zamani, na nafasi za wale wasiokuwepo wakaziacha wazi.

"Kwa sababu walikuwa bado njiani," Apollinarie akasema. "Na wengine walifika kweli. Baada ya miezi, mtu anatokea porini, nguo zimemwishia, anakuta wanaimba, na pale pake papo. Mama anasema hakuna chakula wala blanketi iliyowahi kumpokea mtu vile."

"Na wasiofika?"

"Panamngoja mtu mpaka habari yake ije ya uhakika. Na ikija, ni ndugu zake wanaomleta mtu mwingine kwa mkono, wanamsimamisha pale. Mtu hajisimamishi mwenyewe, na kiongozi hamsimamishi mtu."

Mama Aurélie alikuwa mmoja wa wale walioanza lile duara, na aliimba humo maisha yake yote mpaka miguu ikamkataa. Sasa yuko kitandani. Kila Jumamosi, na siku nyingine pia akikumbuka, anauliza swali hilo hilo, kama mahali pake katika korali bado papo. Hakuogopa kufa, Apollinarie akasema. Aliogopa pale pake kuzibwa yeye akiwa hai.

"Jumamosi ile Queen aliposimama pale, mimi nilifikiria kitu kimoja tu. Nikifika nyumbani mama ataniuliza. Nitamjibu nini? Sijawahi kumdanganya mama. Ndiyo nikaondoka. Nilipotoka mimi, korali ikatoka, na pale pake pakawepo tena. Nikaweza kumjibu."

"Si ungemweleza mwalimu? Yule mzee si mbaya."

Akachomoa pini moja kitambaani, akairudisha. "Osward, ndugu yangu, sisi tumeeleza sana katika maisha haya. Ofisini tumeeleza, kwenye foleni tumeeleza, tumetoka wapi, tumekuja lini, na nani. Hilo moja tu hatulielezi. Na tena ukisimama mbele za watu ukasema hapa ni pa fulani, ni kama unauliza amekufa au bado."

Nilienda moja kwa moja kwa Mwalimu Alois. Sikumweleza vizuri, nafikiri nilianzia na habari ya kwapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta, akaivaa. "Twende nikapime shati langu," akasema.

Tukaenda. Apollinarie alipotuona alisimama, akampigia mwalimu magoti kidogo kama wanavyosalimia wakubwa. Hakuna aliyeomba radhi na hakuna aliyedai. Mwalimu akavaa shati. Akainua mikono juu, kama anaanzisha wimbo wa Utukufu, akaigeuza, akaishusha, akainua tena. Shati halikumbana popote. Akajikohoza.

Kisha akaomba kumsalimia mama.

Mama Aurélie alikuwa amelala ubavu, mdogo kabisa, uso umejaa mikunjo lakini macho hayana mchezo. Kiswahili anakijua, hakipendi tu. Mwalimu Alois akapiga goti karibu na kitanda, akamwuliza kwa sauti kubwa anayotumia kwa wazee na watoto wa darasa la kwanza, "Mama, ulikuwa unaimba sauti ya ngapi?"

Mama akamjibu kwa Kirundi, na Apollinarie akatafsiri huku akizuia kicheko. "Anasema hakukuwa na namba. Aliimba ile iliyokuwa inakosekana."

Mwalimu akatikisa kichwa mara kadhaa. 

Jumamosi iliyofuata alikuwa ameshafika kabla yetu wote. Alikuwa amechora kwa chaki kwenye sakafu ya saruji nusu duara kubwa, na alama ya kila mtu atakaposimama. Nusu duara, Mwalimu Alois! Nikafikiri naota. Korali walikuja, sijui aliwaitaje, walisimama mlangoni wakitazama zile alama. Upande wa kushoto wa alama ya Apollinarie kulikuwa na duara dogo tupu.

Kijana mmoja wa kwetu akauliza, "Mwalimu, hapa umeruka?"

"Sijaruka," mwalimu akasema. "Nimewafundisha noti miaka mingapi nyie? Wimbo ukiwa na kimya, kinaandikwa au hakiandikwi?"

"Kinaandikwa."

"Kinahesabiwa au hakihesabiwi?"

"Kinahesabiwa, Mwalimu."

"Basi hicho ni kimya. Mtu asikizibe."

Hakueleza zaidi. Sikutegemea mtu aliyetufokea miaka yote kwa ajili ya mistari angepata njia ya kulisema lile jambo bila kumtaja Mama Aurélie, lakini alilipata kwenye chaki yake. Apollinarie alienda akasimama kwenye alama yake. Nikawaza ule uwanja wa Wayunani alioutaja Padre, na lile duara lililofyekwa Katumba kabla ya nyumba. Neno lile limezunguka dunia nzima, likabadilishwa kinywa mara ngapi sijui, na watu hawa waliokuwa wamelibeba bila kujua lilikotoka walianza tena pale pale lilipoanzia, kwa kusafisha mahali pa kusimama.

Siku ya kutabaruku kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa nje kwenye turubai. Nilikuwa nimefunga spika mbili ndani na mbili kubwa juu ya nguzo nje, na zilikuwa zinasikika mpaka mitaa ya nyuma, kwa Apollinarie na kwingineko. Mashati ya bluu na magauni ya bluu, hakuna hata moja lililobana wala kupwaya. Huwezi kujua nani alitoka wapi.

Mgeni alikuwepo wa kuwapanga watu, mama mmoja aliyetumwa kusaidia itifaki, mwenye kadi shingoni na haraka nyingi. Sista mmoja wa ugenini alikuwa hana pa kukaa. Akazungusha macho kanisa zima, akaona uwazi katikati ya waimbaji, akaja mbio na kiti mkononi.

Mwalimu Alois alikuwa ameshashika maiki kutangaza wimbo wa kuingilia. Mikono nusu juu.

"Songeni kidogo," yule mama akasema, "si kuna nafasi hapa, naweka kiti kimoja tu."

Nilimwona Apollinarie akifumba macho.  Korali wote walitazama chini, vile vile kama siku ile, na nafikiri wengine walikuwa wameshaanza kutafuta mlango ulipo.

"Hapo pana mtu," Mwalimu Alois akasema.

Aliisema ndani ya maiki. Maiki niliiacha wazi mimi, na kwa hiyo siombi radhi. Ikatoka kwenye spika zote nne, ikapita kwenye turubai, ikaenda mitaani. Hapo pana mtu. Kanisa zima likageuka kutazama, na Askofu pale mlangoni na fimbo yake akatazama. Yule mama wa itifaki akautazama ule uwazi, akamtazama mwalimu, na Mungu ambariki, akasema, "Samahani," akaondoka na kiti chake.

Mwalimu akasubiri. Wimbo ulikuwa uanzishwe na sauti ya pili, na sauti ya pili alikuwa na kanga usoni. Akamsubiri mpaka akaishusha kanga. Halafu akainua mikono, shati likamfuata bila kuchanika, na Apollinarie akaanza. Mimi nimesikia redio nyingi katika maisha yangu. Sitajaribu kukueleza. Ulipofika mstari wa pili miguu ya nusu ya watu ilikuwa inaenda mbele na kurudi, na mwalimu, aliyewahi kuwaita wapagani Wayunani waliocheza, alikuwa anayumba nayo.

Katika kushukuru, Askofu alisema "kwaya yenu". Padre Deogratias akasema "korali yetu". Hakuna aliyegeuka kumtazama mwenzake.

Baada ya chakula Apollinarie alifunika sahani ya mama yake kwa leso, akasema anaenda kumpelekea. Mwalimu Alois akasema atamsindikiza, na mimi nikafuata, sijui kwa nini. Tulitembea tukiongea habari za mvua.

Pale kwake geti lina bawaba inayolia. Apollinarie alikuwa ameniambia kwamba kila akirudi kutoka kuimba, bawaba ikilia tu, sauti ya mama inatoka ndani na lile swali lake. Apollinarie akasukuma geti. Bawaba ikalia. Tukasimama.

Ndani kimya.

Apollinarie akapiga hatua mbili uani. Aliita, "Mawe?" Hakuna jibu. Mwalimu akampokea sahani, na Apollinarie akaingia ndani karibu kukimbia, na sisi nyuma yake mpaka mlangoni.

Mama Aurélie alikuwa ameketi. Mtu ambaye hajaketi bila kushikwa tangu mwaka jana, alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, amejifunga kilemba cha Jumapili, na dirisha alilifungua mwenyewe. Alimtazama binti yake, kisha akamtazama Mwalimu Alois mlangoni na sahani yake mkononi, akamtazama kwa muda mrefu. Hakuuliza kitu.

"Nimesikia," akasema, kwa Kiswahili.